Jalala la Sisimizi Wangu

Leo nimeumbuliwa na sisimizi. Si siafu, ambao angalau wana meno ya kuogopwa. Sisimizi, tena wangu mwenyewe, ninaowafuga ndani ya chupa kubwa ya peremende niliyopewa na mwenye duka baada ya kubishana naye hadi akachoka.

Mnajua kazi yangu ni kununua mpunga, na msimu bado. Basi nakaa barazani nawatazama. Wana jambo la ajabu: hawatupi taka ovyo. Kila mabaki, hata maiti zao, hubebwa hadi upande mmoja wa chupa, mbali kabisa na tundu lao. Jana nililitawanya jalala lao kwa kijiti. Leo asubuhi nikawakuta wanalirudisha palepale. Wabebaji kumi na saba. (Nilihesabu tena. Kumi na saba.)

Saa nne akaja Bwana Afya kukagua viwanja. Nilimpa shikamoo mbili, ingawa ni mdogo kwangu. Alikuwa amekasirishwa na rundo la taka lililoko mpakani, kati yangu na jirani yangu, Mama Agnesi. Mama akaapa si lake. Nami nikasema si langu, kwa upole zaidi. Kwa kuwa rundo limeegemea ukuta wa Mama, Bwana Afya akatoa daftari aandike jina lake, aitwe kwa jumbe Alhamisi. Mama akanitazama. Mimi nikatazama milima.

Ningenyamaza, yangeisha. Lakini yule bwana akaiona chupa, akauliza ni nini. (Mchuuzi akiulizwa kuhusu mali yake, ulimi hauna breki.) Nikamweleza yote: usafi wao, jalala lao, wabebaji wao. Kisha nikaongeza maarifa.

"Ukitaka kujua nyumba inakula nini, Bwana, usiwaulize wenyewe. Tazama jalala."

Akainama. "Haya mekundu-mekundu ni nini?"

"Maganda ya korosho. Kaka yangu huniletea kutoka Lindi. Mtaa huu mzima mwenye korosho ni mimi tu."

Nilijivuna, jamani. Nilisema hivyo mara mbili.

Bwana Afya aliinuka. Alikwenda mpakani, akachokoa rundo kwa fimbo. Korosho. Akachokoa upande wa pili. Korosho. (Kumbe naye huhakikisha.)

Mama Agnesi hakupiga kelele; afadhali angepiga. Alisema tu, "Baba Yohana, wadudu wako wamelelewa vizuri. Wewe ulilelewa na nani?"

Jina la Mama likakatwa, langu likaandikwa. Bwana Afya akaamuru nichimbe shimo la taka la futi sita, leo hii, kama sitaki kwenda kwa jumbe. Nikamwambia tatu. Akasema saba. Nikaona huyu hajui biashara, nikazikubali zile sita upesi.

Nawaandikia nikiwa nimepumzika kwenye futi ya pili. Mama Agnesi amekuja na kigoda, amekaa ukingoni, na kila nikisimama anauliza kama nimemaliza. Atakayetaka kucheka, karibu sana. Aje na jembe lake.