Namna Nilivyomnyang'anya Sellah Jumamosi Yake

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Matisi, Kitale.

Dada yangu Nasro amepiga simu kutoka Bungoma. Bintiye Aaliyah anaolewa Jumamosi hii. Ati nisipofika nisimwite dada tena. Nimeapa nitafika. Nimekata simu, ndipo nikamkumbuka Baba.

Baba alipigwa na kiharusi mwezi wa Machi. Upande wake wa kulia hausikii amri. Namwosha, namgeuza, namlisha, kisha narudi kwenye cherehani barazani kushona suruali za watu, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Miezi mitano sijafika hata Kiminini, hapo jirani. Mke sina. Wa kumwachia Baba sina.

Lakini kuna kikundi cha walezi, watu wanaouguza wa kwao nyumbani. Hukutana Alhamisi katika darasa la chekechea. Nimekidharau siku zote: watu wazima kukalia viti vya watoto na kulalamika. Ila wana desturi moja tamu. Kila Jumamosi mmoja wao hupumzishwa, na wenzake wawili wakashinda na mgonjwa wake. Nitajiunga. Nitapumzishwa. Nitajiondoa.

Jumanne, 5 Agosti.

Nimemwendea mwenyekiti, Mama Wilkista, muuza mitumba. Analea binti asiyetembea, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimemweleza habari ya harusi, nikauliza kama Jumamosi hii iko wazi. Akasema hapa si hoteli bana, hapa ni zamu. Jumamosi hii ni ya Sellah, aliyehamia hapa kutoka sehemu za Kwanza, mashambani, na mumewe Kiplangat. Kiplangat anasahau. Huamka akapalilia zulia akidhani ni shamba lake la mahindi. Sellah ameingoja siku hiyo wiki tisa. Zamu hubadilishwa tu kama kuna aliyelemewa zaidi na kikundi kikaridhia.

Aliyelemewa zaidi. Basi kazi ni kulemewa.

Jumatano, 6 Agosti.

Mazoezi. Nimeandaa mateso saba. Mengine ni ya kweli. Nimeyakariri mbele ya kioo, bega moja chini. Nikapaka masizi chini ya macho. Nikayafuta, nilifanana na mwizi wa kuku.

Baba alikuwa akisikiliza kitandani. Maneno yake hutoka polepole, lakini hili nililipata: ati teso la maumivu ya mgongo niliweke mwisho. Kisha akanipa dua ya kumpelekea Aaliyah, maana yeye miguu haimfikishi hata mlangoni. Tukairudia mara tatu nisije nikaikosea. Sasa lazima nifike.

Alhamisi, 7 Agosti.

Viti vya chekechea. Magoti yangu yalikuwa jirani na masikio.

Sellah alianza, huku akifuma sweta. Ati asubuhi mumewe hakumtambua, akamwuliza mke wake ameenda wapi. Akamjibu atarudi jioni. Jioni akatoka nje, akaingia tena, akapokewa kwa furaha kubwa. Watu wakacheka, naye akacheka. Nikajua nina mpinzani hatari.

Nikasimama. Teso la kwanza, usingizi, lilipokewa vizuri. La pili lilikuwa dogo, la kujazia tu: kwamba nikimnyoa Baba asubuhi, huniomba msamaha. Nilipofika kwenye neno msamaha, sauti ikakatika. Hilo halikuwa kwenye mpango. Nililia, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, na mateso matano bado sijayatumia.

Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Mzee mmoja akasema mamake naye humwomba msamaha akimvalisha soksi. Mwingine akasema hata kwake. Mama Wilkista akanionyesha namna ya kumgeuza mgonjwa kwa shuka. Kumbe miezi mitano nimekuwa nikimwinua Baba kama gunia la mahindi.

Sellah hakuinua macho. Akasema Jumamosi mpeni fundi, mimi sina harusi.

Nimeshinda. Mpango umefaulu kabisa. Sijui kwa nini chai haikushuka.

Ijumaa, 8 Agosti.

Kuna sharti. Anayepumzika humwachia mwenyekiti simu yake. Ati walezi wakipewa mapumziko hushinda wakipiga simu nyumbani. Ukipiga, umepoteza zamu ijayo. Nimecheka sana. Mimi nipige simu?

Nimewaachia maelekezo machache kuhusu Baba. Kurasa sita.

Jumamosi, 9 Agosti. Bungoma.

Dua nimeifikisha, neno kwa neno. Aaliyah alinishika mkono, hakuuachia upesi. Hilo limekwenda sawa.

Saa nne nimeazima simu ya mtu wa bodaboda, nikapiga simu ndogo ya Baba. Sauti nzito: mimi ni afisa wa maji. Akapokea Sellah. Hakukaa nyumbani kwake, amekuja kusaidia, na mumewe amekuja naye. Akasema mita iko salama.

Saa sita, simu ya shemeji, sauti ya mwanamke. Nimesema namtafuta fundi wa nguo. Sellah akasema fundi yuko harusini, na mzee amekunywa vikombe viwili vya uji. Viwili. Kwangu hunywa nusu, na lazima nimbembeleze.

Saa nane, simu ya imamu. Sijatoa hata salamu, Sellah akasema: Fundi, rudi kwenye pilau.

Jumapili, 10 Agosti. Matisi.

Baba amenipokea vizuri. Kisha akauliza Sellah anarudi lini. Ati Kiplangat alimhadithia mavuno ya mwaka 1988 kutwa nzima, na kila akimaliza akaanza upya. Baba asema hajapata mgeni mzuri kama huyo tangu Machi.

Mama Wilkista amenirudishia simu. Zamu yangu ijayo imekufa. Nimekana. Akaniuliza tangu lini mita za maji Matisi zinasomwa Jumamosi, tena kutoka Bungoma.

Alhamisi, 14 Agosti.

Nimetafakari. Kikundi kinafaa, ila kwa watu dhaifu. Mimi nimeshapona. Nitaendelea kuhudhuria kwa ajili ya chai tu.

Leo nimejitolea kushinda na Kiplangat Jumamosi hii, hapa kwetu pamoja na Baba, ili Sellah apumzike. Wakanipigia makofi. Ati nina moyo wa dhahabu. Moyo gani? Baba yangu, vikombe viwili, kwa mkono wa mwanamke aliyemjua kwa saa tatu tu! Nimenunua wimbi safi la kusaga kwa uji. Kiplangat atakunywa vitatu.

Na Sellah akipiga simu kuuliza, nitamwambia tuko kwenye cha nne.