Asidi ya Ghati na Injini ya Tajiri Kesho

Habari ilifika kijiweni kwa Mama Festo, hapo Kalangalala, kabla kahawa haijachemka. Aliyeileta ni Marselino, ambaye wanamwita Redio kwa sababu hana swichi ya kumzimia.

"Tajiri Kesho katoka kimaisha," alisema akivuta benchi. "Jana kachukua asidi dukani kwa Ghati. Ile ya kusafishia dhahabu. Chupa nzima."

Wote wakamgeukia Jilala. Ndiye Tajiri Kesho mwenyewe. Tangu aanze kukalia benchi lile, utajiri wake haujawahi kupangiwa siku nyingine ila kesho. Alikuwa amekaa pembeni, ndoo ya plastiki yenye mfuniko katikati ya miguu yake.

"Mimi sina dhahabu," alisema.

"Huyo, kaanza," alisema Mama Festo akipepea moto. "Mwenye nayo ndivyo anavyosema. Asiyenayo anasema kesho."

"Mama Festo, nisikilize. Duara letu, shimo lenyewe la kuchimbia, limejaa maji. Pampu ilizama, injini ikashika kutu. Wenzangu wamesema mchana ukifika haijawaka, duara wanampa Serafina wa Kharumwa, yule mwenye pampu zake. Mwenye dhahabu angehangaika hivyo?"

"Angehangaika sana," alisema Redio, "ili sisi tusijue."

Otmar, fundi wa injini mwenye gereji ng'ambo ya mtaro, aliguna ndani ya kikombe. "Injini yake nimeifungua mimi. Bloku na pistoni nimeshasafisha. Ringi, springi za valvu na gia za pampu ya oili nikampa akasugue mwenyewe. Vyuma vizima kabisa, kutu ya juu juu na oili iliyoganda. Nikampa dizeli na brashi ya waya. Sijui kama aliishika."

Mama Festo alichungulia vidole vya Jilala. "Mikono hiyo? Utafikiri bwana harusi."

Jilala aliificha mapajani. Maneno yale yalimchoma, lakini alijua kilichomo ndani ya ndoo, akawahurumia.

"Kusugua ni kazi ya watu wasiofikiri," alisema. "Mtu mzima unakwaruza chuma kutwa nzima kama sufuria la ubwabwa. Dunia imeendelea. Hata hilo birika lako, Mama Festo, masizi mpaka linatisha wateja."

"Birika langu liache. Linachemsha."

Hapo Ghati, mnunuzi wa dhahabu, akatokea akiwa na mizani yake kwapani. Hakusalimia mtu.

"Jilala, asidi nilikupa kwa sababu ulisema una mzigo mchafu. Nimekuja kuuona kabla hujaupeleka kwa mwingine."

"Mzigo mchafu kweli nilikuwa nao."

"Umo humo kwenye ndoo?" aliuliza Redio, na benchi zima likasimama. "Mimi nilisema zamani, huyu kaka ana sura ya pesa."

"Juzi ulisema ana sura ya kandambili," alisema Mama Festo.

Jilala aliona saa yake imefika. Alisimama, akaweka mguu mmoja juu ya mfuniko.

"Haya, jifunzeni. Ghati anatia dhahabu chafu kwenye asidi, inatoka inang'aa. Asidi inayoiweza dhahabu itashindwaje na ringi? Nimeloweka vyuma vyote tangu jana jioni. Sijasugua hata kimoja. Nimesali, nimelala, nimeamka."

Otmar aliweka kikombe chini polepole. Ghati naye akakaa.

"Uliloweka chuma," alisema Ghati.

"Chuma."

"Kikatoa moshi?"

"Mwingi, wa kahawia. Nikajua kutu hiyo inaondoka."

"Jilala, asidi ile haioshi. Inakula kila kitu, inaiacha dhahabu peke yake. Ndiyo maana naitumia."

"Si inakula kutu?"

"Inaanza na kutu."

Jilala alifungua mfuniko. Maji yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Otmar akaokota kijiti, akakoroga kama mtu anayetafuta nyama kwenye mchuzi wa msibani. Ikatoka ringi, nyembamba kama mwiba wa samaki, ikakatika hapohapo. Ikafuata gia, haina jino hata moja. Springi hakuipata.

"Tafuta vizuri," alisema Redio. "Kilichobaki si ndicho dhahabu?"

Jilala aliinamia ndoo. Usiku alikuwa amepiga magoti akamwomba Mungu vyuma vile vitoke safi. Sasa alitaka kulalamika, akaona hana kesi, maana safi vilikuwa vimetoka.

Simu ikalia. Walikuwa wenzake, huko duarani.

"Injini vipi?"

"Iko safi," alisema Jilala.

"Inawaka?"

Aliitazama gia ile juu ya kijiti cha Otmar.

"Mwiteni Serafina," alisema, akakata.

Otmar alinyoosha mkono. "Brashi yangu nirudishie. Najua bado mpya."

Ghati alishika njia ya dukani kwake na mizani yake tupu. Redio alimfuata, akipiga simu Kharumwa huku anatembea. Jilala alibaki benchini, akasogeza kikombe chake. Mama Festo alimmiminia kahawa mpaka juu, kisha akalichukua birika lile jeusi na kulihamishia nyuma ya mgongo wake.

"Masizi haya yaache," alisema. "Huenda ndiyo yanayolishikilia."