Kitufe cha Kilonzo

Jumatatu, 3 Novemba
Mchungaji amenipa kazi ya kutengeneza ukurasa wa mtandao wa kumchagua mwenyekiti wa kwaya. Kila mtu atapiga kura kwa simu yake. Wagombea ni wawili: mimi Musembi na Kilonzo wa besi. Yeye anapendwa. Mimi najua kompyuta. Tutaona.

Jumatano, 5 Novemba
Kilonzo ameenda mnada wa mbuzi Ikutha. Harudi mpaka Jumapili jioni. Bahati iliyoje. Nimemwambia mchungaji nimesikia fununu kwamba amejitoa. Akahuzunika. Nikahuzunika naye.

Kitufe cha Kilonzo nimekipaka nyeupe, rangi ya ukurasa wenyewe, pamoja na jina. Hakionekani hata ukikodoa macho. Nikampigia Kanyiva wa Sultan Hamud, aliyenifunza kazi hii, kujisifu kidogo. Sikutaja ni kitufe cha nani. Akasema kuficha kitu si sawa na kutokiweka. Kilichofichwa bado kipo. "Kama hutaki kiwe hapo, usikichore." Wivu tu. Isitoshe, nikikiondoa hesabu ya kura inaharibika, na kurekebisha ni kazi ya siku mbili.

Jumapili, 9 Novemba
Kura ilipigwa baada ya ibada. Ukurasa ukafunguka: jina langu, peke yake, limependeza. Kisha Mama Mumbua wa soprano akagusa simu yake. Yeye haoni; simu humsomea kila kilicho kwenye ukurasa. Kanisa zima likasikia: "Musembi, kitufe. Kilonzo, kitufe."

Nikakohoa. Haikusaidia.

Akaniuliza kwa upole, "Mwana wakwa, mwanangu, kwangu wako wawili. Nyinyi wenye macho mnaona wangapi?"

Halafu akawaelekeza: chini ya Musembi, hapo peupe. Kwaya nzima ikabonyeza peupe. Kilonzo thelathini na saba, mimi mbili. Moja ni yangu. Nyingine ni ya mzee Nzuki, ambaye ameeleza kuwa kidole kiliteleza.

Jumatatu, 10 Novemba
Kilonzo alikuja nyumbani. Hakunigombeza. Aliniletea asali ya Ikutha, akauliza kama bado nitaimba naye. Afadhali angenitukana. Nimeshindwa hata kumwangalia. Asali nimeimaliza.

Mchungaji ameagiza niombe msamaha kwenye ukurasa uleule kabla ya mazoezi ya Alhamisi.

Jumanne, 11 Novemba
Msamaha nimeuandika. Mrefu, wa kutoka moyoni, na mstari wa Zaburi juu yake. Kisha nikaupaka nyeupe. Mchungaji alisema uwepo, hakusema uonekane. Nimekagua kwa simu yangu: ukurasa safi kabisa. Safari hii sioni wa kunikamata.