Dirisha Langu la Dinant

Jumatatu, 6 Mei 2024

Daktari kasema moyo wangu umechoka. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani Jette, hapa Brussels, kupanga dhambi zangu. Kubwa kuliko zote imetundikwa ukutani: picha ya mji wa Dinant, ya kale sana, iliyochapwa kwa bamba la shaba. Mto, daraja, kanisa. Miaka hamsini nawaambia watu kwamba nilisoma huko, na dirisha la tatu kushoto kwa daraja lilikuwa langu. Uongo. Wakati huo nilikuwa naosha sahani hotelini, mtaa wa Anderlecht. Picha niliinunua sokoni. Dinant sijakanyaga.

Kibaya zaidi, mjukuu wangu Aziza anasomea usanifu wa majengo kwa sababu ya dirisha hilo. Kesho naungama.

Jumanne, 7 Mei

Nilifungua mdomo, Aziza akaniwahi. Alhamisi ni sikukuu, babu, nakupeleka ukalione dirisha lako. Nikakohoa. Nikataja magoti. Kumbe ameshaazima kiti cha magurudumu. Zuberi, rafiki yangu asiyeniamini tangu tulipokuwa Bujumbura, akasema atafurahi kuniona kwenye picha nikipunga mkono dirishani.

Kuungama kumeahirishwa. Nimeikariri picha yote kama mtihani.

Alhamisi, 9 Mei

Kwenye treni nilijigamba mpaka mkagua tiketi akakaa kusikiliza. Ukivuka daraja, nilisema, kanisa lipo kulia, chumba changu kushoto.

Tukavuka. Kulia hakuna kanisa. Kushoto, penye dirisha langu, limesimama kanisa zima na mnara wake. Aziza akauliza kwa upole: babu, wewe Mwislamu, ulikuwa unalala kanisani?

Mama mwenye mgahawa akaitazama picha yangu ya ukutani, aliyoipiga Aziza kwa simu. Akaeleza kwamba baadhi ya picha za aina hiyo zilichongwa kinyume makusudi, kulia ikawa kushoto, zitazamwe ndani ya sanduku lenye kioo cha kuzigeuza tena. Aziza akakigeuza kiti changu, akanisukuma hadi stesheni.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeungama yote, hata sahani. Aziza alilia kidogo, kisha akacheka sana. Masomo haachi, anayapenda. Ila niape: uongo basi. Nikaapa, mkono kifuani. Nikajisikia mwepesi, tayari kufa hata leo.

Baada ya swala akaja Zuberi. Akauliza, haya msomi, walikukumbuka huko Dinant? Nikamwambia chumba changu wamekifanya makumbusho.

Zuberi amekwisha kata tiketi mbili za Dinant.