Redio ya Kuita Nyuki

Riziki ya Kitheka ilimjia akiwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa.

Alikuwa ameketi kwa Mwangangi, kinyozi wa Kabati, amefungwa kitambaa shingoni, akiwaza mbuzi. Si kwamba alikuwa mpenzi wa mbuzi. Alikuwa mpenzi wa Muthoki, binti wa watu wa Mukuyuni, kule Makueni, na baba yake Muthoki alikuwa ametamka neno lake la mwisho: Jumamosi kijana alete mbuzi watatu wa ntheo, la sivyo aache kumsumbua msichana kwa simu. Asiyejua ntheo na ajue hivi: kwa Wakamba, mwanamume asipopeleka mbuzi hao, hata azae na mwanamke watoto wa kujaza benchi la kanisa, mke huyo bado ni wa kwao. Kitheka hakuwa na mbuzi hata mmoja. Alichokuwa nacho ni katoni ya redio ndogo.

Zilikuwa redio za kutoshea kiganjani, za kutia memori kadi, zenye sola mgongoni na kitufe chekundu cha kurekodi. Alizinunua Malili kwa mtu mwenye haraka isiyo ya kawaida, na kwa heshima hakumuuliza haraka hiyo ilitoka wapi. Makueni alikuwa ameuza kadhaa, na walionunua hawakukosa la kusema. Mmoja alilalamika kuwa yake hucheza wimbo mmoja wa kwaya, na ukijaribu kuubadilisha inauanza upya kwa sauti ya juu zaidi. Mama mmoja aliinama kuomba ibadani, yake ikajiwasha mfukoni na kupiga muziki wa baa mpaka mchungaji akasema amina kabla ya wakati. Mwingine alibaki na kitufe cha kuongezea sauti mkononi, redio ikiendelea kupiga kelele mezani kama mtoto aliyenyimwa uji. Ndiyo sababu Kitheka alikuwa amevuka kuja Kitui. Mukuyuni alitaka aende kama mkwe, si kama mshtakiwa.

Kwenye benchi la kinyozi alikaa Mzee Nyamai, akimlilia yeyote mwenye masikio. Mizinga yake ilikuwa mitupu. Aliifagia, akaipaka nta, akaitundika kwenye miti mizuri, na nyuki wakapita juu yake kwenda kwa Muthama, jirani yake wa ua kwa ua. Maua ni yale yale, mvua ni ile ile, lakini asali yote kwa Muthama.

"Kama kungekuwa na njia ya kuwaita tu," alisema Nyamai, akainuka kwenda zake bila hata kunyolewa.

Mashine ya Mwangangi ikaendelea kunguruma karibu na sikio la Kitheka. Zzzzzz. Kitheka akafumbua macho. Akatoa redio moja mfukoni, akabonyeza kitufe chekundu, akaishika karibu na mashine.

"Endelea kunyoa," alimwambia kinyozi. "Ila usiongee."

Mwangangi hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, lakini alijitahidi. Alivumilia mpaka karibu na mwisho, kisha kikohozi kikamshinda. Kitheka hakujali. Malkia naye huenda akapata mafua.

Keshoye alikuwa kwa Mzee Nyamai, kichwa kinang'aa, redio mkononi, sauti yake imeshuka kama ya mtu aliyeleta habari kutoka hospitali. Akamweleza kwamba nyuki hawana akili ya peke yao, wana malkia. Wataalamu wamemrekodi malkia akiita, na mwito wenyewe ndio huu. Akabonyeza. Zzzzzz. Nyamai akaiweka sikioni, akafunga macho.

"Wakiitwa watatoka wapi?" akauliza.

"Watatoka walipo."

"Walipo ni kwa Muthama."

"Hilo umesema wewe, mzee. Mimi nauza redio."

Nyamai akatazama ua, akatazama redio, akaenda zizini na kurudi akivuta mbuzi wa rangi ya kahawia.

Hapo ndipo tunapaswa kusimama kidogo na kumvulia Kitheka kofia, maana ujanja wake haukuwa katika redio. Ulikuwa katika kuwajua watu wake. Kwa Mkamba, kugusa nyuki wa mtu si wizi wa mchezo. Wazee wakiutaja hushusha sauti, na laana yake huaminiwa hata na wale walioacha kuamini mengine yote. Sasa mtu aliyenunua redio ya kuwaita nyuki wa jirani, ikimshinda, ataenda kushtaki wapi? Atamwambia chifu nini? Kitheka alikuwa amepata wateja ambao wangekufa na malalamiko yao moyoni, na mfanyabiashara hawezi kuomba baraka kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo alizunguka ua, akaingia kwa Muthama. Huyu hakumuuzia tamaa, alimuuzia hofu. Alisema hapendi kutaja majina, ila amesikia kuna mzee wa karibu sana amepata kifaa, na mwenye nyuki asiyekuwa na chake ataamka na mizinga ya kufugia buibui. Muthama akataka kujua kama kifaa hicho huzuia tu au pia hurudisha. Kitheka akasema hurudisha, na wakati mwingine hurudisha na ziada. Akatoka na mbuzi mweusi.

Wa tatu alimpata kwa mjane mmoja mwenye kitambaa kilichofungwa vizuri kichwani, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha asali. Jina lake Kathini. Yeye hakubishana. Alisikiliza mwito wa malkia, akaomba ausikilize tena, kisha tena, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza moyo wa mgonjwa. Kitheka akaanza kutokwa jasho kidogo.

"Ni mzuri," alisema Kathini mwishowe. "Chukua ile nyeupe ya sikio moja jeusi. Lakini mimi ni mzee, nasahau haraka. Si hii kitu inashika sauti?"

"Inashika vizuri sana, mwaitu," akasema Kitheka, akimwita mama kwa lugha yao.

"Basi niwekee maneno ndani. Nieleze vile nitafanya, polepole. Na uanze na jina lako na la baba yako, ndio nikikuombea, Mungu asikuchanganye na mwingine."

Kitheka alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni kuipenda sauti yake mwenyewe. Akakohoa, akabonyeza kitufe chekundu. Akajitaja kuwa Kitheka mwana wa Nzuki, wa Malili. Akaeleza kwamba jioni mtu aisogeze redio chini ya mzinga wa jirani, jirani asimwone, na nyuki wote watahama na malkia wao bila mwenyewe kujua kilichomla. Akaongeza kwamba chaji yake haiishi, jua la kwetu tu latosha. Alipomaliza alitamani aisikilize tena.

"Mungu akukumbuke kwa hilo jina," alisema Kathini, na Kitheka akaondoka na mbuzi, akijisikia amebarikiwa kwa kweli.

Jumamosi alifika Mukuyuni akiwa na mjomba wake, shati jipya, viatu vimepakwa rangi na mbuzi watatu wameoshwa. Walikaribishwa kwa chai na maombi marefu. Mjomba akazungumza vizuri, akasema kijana wao amefuga mbuzi hawa kwa mikono yake, mambo ambayo wajomba husema. Muthoki alipita mlangoni na sinia la maandazi, akamtupia Kitheka jicho na tabasamu, na moyo wa mtu wetu ukayeyuka. Tusimwonee: katika uongo wote aliopata kuusema maishani, kumpenda msichana huyu hakukuwamo.

"Tunashukuru," alisema baba yake Muthoki. "Lakini mbuzi wa ntheo hawapokelewi kabla shangazi ya msichana hajawaona. Ni dada yangu mkubwa, aliolewa ng'ambo ya pili, Kitui. Yuko njiani."

Kitheka alikuwa anatafuna andazi. Akalirudisha kwenye sahani. Akajipa moyo kwamba Kitui ni kubwa, ina watu wengi, na nusu yao ni mashangazi.

Pikipiki mbili zikaingia uani. Ya kwanza ilimshusha Kathini. Ya pili iliwashusha Nyamai na Muthama, au angalau watu waliovaa nguo zao, kwa sababu nyuso zilikuwa zimevimba hadi macho yamekuwa mistari. Yule mbuzi mweupe alipomwona Kathini alivunja itifaki yote, akaenda moja kwa moja na kuanza kutafuna pindo la leso yake.

"Mbuzi hufanana, shangazi," alisema Kitheka, akiwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi.

"Hufanana," Kathini alikubali. Akasalimia kila mtu kwa zamu, akaketi, akanywa chai yake nusu. Kisha akatoa redio kwenye kikapu na kuiweka mezani, katikati ya chupa ya chai na Biblia.

Alisema hana neno baya juu ya redio yenyewe. Amekaa nayo vizuri, imeimba nyimbo za kanisa tangu aipate, na chaji haijaisha hata siku moja. Ila kuna wimbo mmoja anataka ndugu zake wausikie. Akabonyeza. Zzzzzz, mpaka karibu na mwisho, kisha kikohozi.

"Huyu aliniambia hiyo ni malkia wa nyuki," alisema, akafungua kitambaa chake kichwani. Kichwa kilikuwa kimenyolewa laini. "Mimi hunyolewa na Mwangangi wa Kabati kila mwezi. Hiyo mashine yake naijua kama naijua sauti ya mtoto wangu. Na hicho kikohozi ni chake."

Mjomba wa Kitheka alisogeza kiti chake mbali kidogo na cha mpwa wake. Wengine walikuwa wameanza kucheka. Kathini akaeleza jinsi Nyamai na Muthama walivyokutana jioni njiani kando ya ua, mmoja akienda, mwingine akija, kila mmoja na redio kwapani inanguruma. Na jinsi nyuki, ambao hawakupenda mashine ya kinyozi hata kidogo, walivyoshuka kuamua kesi yenyewe. Majirani waliambiwa uvimbe huo ni wa jino. Yeye alishangaa wazee wawili kuumwa jino moja siku moja, akaenda kuwauliza, na walipoiona redio kama zao mkononi mwake wakaungama wote. Na ndugu yake alipomtajia jina la mkwe kwa simu, akajua ni wapi pa kuwaleta. Nyamai na Muthama walitazama chini. Hawakuwa wametazamana tangu waingie.

"Na sasa," alisema Kathini, "msikie kijana mwenyewe. Ana sauti nzuri."

Kitheka aliomba chaji iishe. Aliomba kwa dhati, yeye ambaye hakuwa ameomba tangu shule ya Jumapili. Lakini jua la Mukuyuni lilikuwa limeiangukia redio sawasawa mgongoni, na yeye mwenyewe ndiye aliyeahidi kuwa latosha. Sauti yake ikatoka safi, na jina la baba yake, na Malili, na mzinga wa jirani, na jirani asijue kilichomla. Hakuna aliyecheka tena. Mchimba kisima alikuwa ameingia mwenyewe, na kisima kilikuwa na watu wote wa mchumba wake ukingoni.

Baba yake Muthoki hakupaza sauti. Alisema mbuzi hao ni wa watu, watarudi na wenyewe, na binti yake haolewi kwa mali ya kuokota. Akaanza kumtafuta mtu wa kufunga mkutano kwa maombi.

Muthoki ndiye aliyetoka mlangoni, bila sinia safari hii. Kitheka alimtazama, akaona tabasamu halipo, akaogopa. Polisi walishamfukuza, wateja walishamfukuza, na hakuwahi kuogopa namna hii.

"Unanitaka ama hunitaki?" Muthoki akauliza.

"Nakutaka."

"Mbuzi watatoka wapi?"

Kitheka akafungua kinywa. Kulikuwa na mjomba Taita mwenye zizi, kulikuwa na mkopo wa kikundi uliokaribia kutoka, kulikuwa na ng'ombe aliyemwazima rafiki. Yote yalifika mdomoni yakapanga foleni kama kawaida. Akayameza moja baada ya jingine, na yalikuwa machungu.

"Sijui," akasema. "Sina."

Kathini akamaliza chai yake. Akasema kwake kuna mizinga ya marehemu inayohitaji kupandishwa mitini, na kikundi kinahitaji mtu asiyeogopa kuumwa. Mtu akifanya kazi hiyo mpaka asali ivunwe, halipwi kwa maneno, analipwa kwa mbuzi. Mbuzi hao yeye mwenyewe angekuja kuwatolea ushahidi. Baba yake Muthoki akamtazama dada yake, akaguna. Katika boma hilo dada mkubwa hapingwi, na guno lilitosha.

"Nitakuja," alisema Kitheka. "Jumatatu niko kwako, mwaitu. Nitafanya mpaka mwisho."

Muthoki akainua redio mezani, akaipangusa vumbi na ncha ya leso, akabonyeza kitufe chekundu na kuisogeza mpaka chini ya kidevu cha Kitheka.

"Sema hiyo tena," akamwambia. "Polepole. Na uanze na jina lako na la baba yako."

Kitheka akakohoa, akaanza na jina lake.