Kikohozi Changu na Meza ya Dirishani

Jumatatu, 3 Juni

Nimefungwa tena! Karakana yetu ya ushonaji ina desturi moja: anayeshinda sataranji siku ya Ijumaa hukaa meza ya dirishani, penye mwanga. Mimi niko kona ya giza, natunga uzi kwa kubahatisha. Macho yataniisha! Leo nilijipima na bingwa, fundi suti tunayemwita Profesa. Kanimaliza chai haijapoa.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata dawa yake! Mama mkwe, anayetutilia vifungo, kajifunza mchezo juzijuzi. Ndiye wa mwisho kati yetu sote, hata mimi humfunga. Profesa atamdharau, na mdharau mwiba mguu huota tende. Nitasimama nyuma ya mama na kukohoa: mara moja, asogeze farasi, mara mbili, ngome. Nimemweleza kwa adabu zote. Kacheka tu, kasema nisije nikaumwa kifua.

Ijumaa, 7 Juni

Lo! Nilikohoa mara moja, mama akasogeza askari. Nikakohoa mara mbili, akamwacha malkia wake aliwe! Nilitaka kulia. Akageuka, akaniambia taratibu, baba, kanywe maji. Mkwe habishiwi. Nikaenda.

Kurudi, Profesa kashika kichwa. Malkia wake alikwenda kula mbali, nyuma kukabaki wazi. Farasi wa mama upande huu, ngome upande ule, mfalme hana pa kutokea. Sijawahi kuona mshono uliofungwa vizuri vile! Profesa mwenyewe alisimama, akampa mikono miwili, akaomba afundishwe. Machozi yalinilenga kwa fahari. Mama mkwe wangu huyo!

Jumamosi, 8 Juni

Nimewahi asubuhi, nikahamishia cherehani yangu dirishani. Mama mkwe kaingia, kauliza kwa upole uleule nani aliyeshinda jana. Nimerudi kona.

Lazima niseme kweli, pale pamemkaa. Anatia vifungo huku anaimba, sindano haikosi tundu. Ningeweza kumtazama kutwa.

Ila bila kikohozi changu angeshinda? Thubutu! Nimemwomba tucheze Ijumaa, kakubali mara moja. Hajui nimejipanga. Profesa, ambaye sasa ni mwanafunzi wake, atasimama nyuma yangu na kunielekeza kwa kupiga chafya.