Mawimbi ya Nyasa Kwenye Mteremko wa Baba

Jumatatu, 10 Machi

Baba bado anasema kilimo. Shahada ya kilimo, kazi ya kilimo, uzee wa kilimo. Mimi nasema ubunifu. Mwaka jana sikukosa chuo kwa ujinga, ni kwa kufikiri sana: wiki ya kwanza nilichagua ubunifu wa mavazi, ya pili samani, ya tatu nikarudi kwenye mavazi, ya nne dirisha la maombi likafungwa. Nimekaa hapa kijijini Mapera mwaka mzima nikichuma kahawa. Mwaka huu sikubali.

Nimekwenda kumwona Sista Bonifasia, aliyenifundisha jiografia. Akasema nisichague shahada kwa uzuri wa jina. Nisome wanafundisha nini mwaka hadi mwaka, kisha nijiulize mikono yangu inapenda kushika nini: nguo, mbao, karatasi au ardhi. Akanipa orodha, kurasa sita. Sijaisoma. Kipaji hakitafutwi kwenye orodha.

Jumanne, 11 Machi

Baba kaniuliza ubunifu ni nini hasa. Nikasema ni kukichukua kitu kilichopo na kukifanya kiwe bora. Akatafuna ugali wake, halafu akatoa hukumu. Mteremko wa nyuma ya nyumba ni wangu msimu huu, nipange ngolo, yale matuta na mashimo yetu ya kupandia, nipendavyo. Maharage yakiota vizuri, Julai najaza shahada ninayoitaka. Yasipoota, najaza kilimo na mdomo nafunga.

Nilikubali kabla hajamaliza. Mama kanitazama kwa huruma. Sikuipenda ile huruma.

Jumatano, 12 Machi

Ngolo zetu ni zilezile tangu enzi za mababu. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, miraba mteremko mzima. Wanawake wanachimba katikati ya kila mraba, kwa udongo huo wanazifunika nyasi, maharage yanapandwa juu ya matuta, mashimo yanabaki. Miraba, miraba, miraba. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini isiwe kitu kingine. Mimi nimeuliza.

Nilikumbuka likizo kwa shangazi Lidia kule Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, mawimbi yakija ufukweni. Nikachora mistari mirefu inayopindapinda kutoka kileleni hadi chini, bila kukatwa popote. Nimeuita mchoro huu Mawimbi ya Nyasa.

Akapita binamu yangu Pankras, ambaye shamba lao liko chini ya letu. Anataka usanifu majengo, na amelisema hilo tangu darasa la tano. Kiburi kitupu. Akauliza maji yatakaa wapi. Nikamwambia akachore milango.

Ijumaa, 14 Machi

Tumepanda. Mama alisimama kwanza na jembe lake, akasema mashimo ndiyo yanayoshika maji, na mstari unaoshuka ni barabara ya maji. Nikamwambia hii ni sanaa. Akajibu sawa mwanangu, ila maji hayajui kutazama picha. Kisha akafuata mchoro wangu, kwa kuwa neno la Baba halirudi. Mbegu zilikuwa zake, alizozitunza tangu msimu uliopita.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepanda kilima cha ng'ambo, nikapiga picha. Jamani, mteremko ulivyopendeza! Nilitokwa na machozi, sifichi. Nikamtumia Sista. Akajibu kwa kuuliza mteremko una ukali gani. Hata masista wana wivu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ilianza alasiri. Maji yalifuata mistari yangu yote, hata mmoja hayakuukosa. Mama akatoka na jembe kwenye mvua ileile, nami nyuma yake, tukajaribu kukinga. Hatukuweza. Udongo, nyasi na mbegu zake zote zimeshuka kwa akina Pankras. Mashimo yao yakavipokea.

Niliona uso wa Mama. Nimeona aibu. Naandika mara moja, sirudii.

Baba alisimama mlangoni, akatamka neno moja: kilimo.

Jumatano, 19 Machi

Tumeanza upya. Mbegu tumepewa na mama yake Pankras. Mimi nalaza nyasi, Mama anaamuru. Anapima kwa hatua zake, na mstari ukienda upande anaufumua wote. Hadi jioni mteremko ulikuwa miraba mitupu, na mimi kiuno sina.

Sista Bonifasia akaja kutusalimu. Akautazama mteremko, akamwambia Baba kwamba huu ndio ubunifu wenyewe, maana kuna watu waliokaa wakaamua kila tone likae wapi. Kwenye orodha yake, ukurasa wa nne, kuna shahada ya usanifu wa mandhari: kupanga ardhi, maji na mimea mahali wanapoishi watu. Baba akauliza kama kweli kuna ardhi humo. Akajibiwa ni ardhi tangu mwanzo hadi mwisho. Baba akasema basi hiyo haina ugomvi.

Mama akasema anayestahili kwenda chuo ni yeye. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 27 Machi

Maharage yangu ya kwanza yameota! Yameota kwa Pankras, ndani ya mashimo yake, manene, ya kijani. Nimemkumbusha Baba kwamba sharti lilikuwa yaote vizuri. Hakusema yaote wapi. Kwa hiyo nilishinda, na hii shahada nimeichagua mwenyewe, sikupewa na mtu. Baba akaenda kwenye kahawa yake.

Leo nimeusoma ukurasa wa nne. Mwaka wa kwanza kuna somo la kuongoza maji ya mvua kwenye miteremko. Nitawapelekea chuoni picha yangu ya tarehe kumi na tano na kuomba wanisamehe somo hilo. Uzoefu ninao.